Mrushaji wa kriketi ya ridhaa: urefu kwanza, kasi baadaye

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya iliishinda West Indies kwa mikimbio 73 katika Kombe la Dunia. Kenya ilipata 166, West Indies wakaishia 93. Watu husahau kwamba katika ile 166, mikimbio ya ziada, yaani ile isiyotokana na gongo, ilizidi ya mpigaji yeyote wa Kenya, ingawa wapinzani walikuwa na warushaji mahiri Curtly Ambrose na Courtney Walsh. Kama waidi (mipira inayopita mbali mno na mpigaji) na noboli (mipira batili, hasa ya kuvuka mstari wa kurushia) ziliwagharimu hao, klabu inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki itagharimika zaidi. Kwa hiyo kocha wa ridhaa aanze na jambo moja, urefu, yaani umbali kutoka kwa mpigaji ambapo mpira unadunda: mrushaji adondoshe mpira anapotaka, mara 4 au 5 kati ya 6.

Pima kuanzia vigingi vya mpigaji, ile miti mitatu iliyo nyuma yake. Kwa mrushaji wa kasi ya kati, chora kwa chaki kisanduku kinachoanza mita 4 na kuishia mita 6 kutoka vigingini. Pichi (ukanda wa kurushia mpira) nyingi za klabu zetu ni zege au murram iliyotandikwa mkeka wa usumba, na hapo mpira hudunda juu kuliko kwenye nyasi, basi anza na mita 4 hadi 5. Upana wake uanzie kigingi cha ofu na kwenda nje sentimita 30. Ofu ni upande ule ambao kifua cha mpigaji kinauelekea. Legi ni ule wa mgongoni mwake.

Sasa hakiki kisanduku chako. Ondoa mpigaji, rusha mipira 6 ndani yake. Vigingi vina urefu wa sentimita 71.1, na urefu mzuri wa kudondosha mpira ni ule unaoufanya ugonge sehemu yao ya juu. Ukipita juu yake kwa shubiri moja, sogeza kisanduku nusu mita kuelekea kwa mpigaji, ujaribu tena. Usichukue vipimo vya televisheni. Mrushaji wa timu ya taifa akidondosha mita 7 kutoka vigingini, mpira wake hufika haraka na kwa usawa. Wa kijana wako ukidondoka hapohapo unafika umeinuka, umepoa, unangoja kupigwa.

Kabla ya kumlaumu mrushaji, kagua mkeka. Ukilegea, mpira mmoja utatambaa na wa pili utaruka, ingawa yote miwili imedondoka mahali pamoja. Uvute pande zote, misumari izame kabisa, na ukingo wake usiwe pale mguu wa mbele unapotua. Vifundo vingi vya mguu huteguka kwenye ukingo huo.

Hatua za kukimbilia ndizo chanzo cha noboli nyingi. Mrushaji asimame kwenye krizi, yaani mstari wa kurushia, aipe pichi mgongo, akimbie kuelekea mpakani kwa mwendo wake wa kawaida, kisha aruke na kurusha pale mwili unapomwambia. Wewe weka alama aliporukia. Rudia mara 6. Alama zitajikusanya mahali pamoja, na hapo ndipo pa kuanzia. Hatua 10 hadi 14 zinamtosha mrushaji wa ridhaa. Aanze kwa mguu uleule kila mara, ahesabu nyayo zake, akumbuke idadi hiyo kwa uwanja wowote.

Akivuka mstari, angalia anavuka kiasi gani. Anayevuka kwa kiasi kilekile kila mpira, rudisha alama yake nyuma kwa kiasi hicho, yamekwisha. Anayevuka sentimita 5 sasa na 40 baadaye ana tatizo la hatua za mwanzo, na kumrudisha nyuma hakutamsaidia: mara anaanza kwa kutembea, mara kwa kuchapuka. Na mazoezini lazima awepo mtu wa kuutazama mstari, kwa sababu mguu unaovuka Jumanne utavuka Jumamosi.

Mpira ushikwe kwa vidole: cha shahada na cha kati pande mbili za mshono, dole gumba chini, na nafasi ya kupenya kidole kati ya mpira na kiganja. Wengi huuzika kiganjani. Ukitoka hapo mshono huyumba, na mrushaji hajui utaelekea wapi baada ya kudunda.

Makosa mengine yasome kwa mahali mpira unapoangukia. Ukiwa mfupi, ameuachia kwa kuchelewa, mara nyingi kwa sababu anatafuta kasi. Mwambie apunguze nguvu kidogo. Ukifika bila kudunda, ameuachia mapema, au amechoka. Ukikimbilia legi, simama nyuma yake utazame kichwa na mkono wa mbele: kichwa kikiangukia pembeni, au mkono huo ukifunguka kabla ya wakati, mwili hugeuka na mpira huondoka kwenye mstari, yaani mwelekeo wake. Dawa ni kuuvuta mkono wa mbele chini kuelekea nyonga, na baada ya kuachia, akimbie hatua 3 kuelekea kwa mpigaji kabla ya kukata kando ili asikanyage katikati ya pichi.

Zoezi lenyewe ni ova 4 kwa alama, kila ova ikiwa mipira 6. Ndani ya kisanduku alama 2, mstari mzuri lakini urefu mbaya alama 1, kwingine sifuri. Legi au noboli ondoa 1. Akifikisha 8 kati ya 12 katika ova mbili mfululizo, mweke mtu mwenye gongo asimame bila kupiga. Alama zitashuka, kwani macho yanamfuata mtu badala ya kisanduku. Zikipanda tena, ndipo mpigaji apige. Mipira 36 kwa kikao inatosha. Baada ya hapo mgongo ndio unaolipa.

Mstari ukishatulia, kapteni anaweza kuweka wachezaji 6 upande wa ofu na 3 upande wa legi. Mpangilio huu huziba mianya ya ofu na kumlazimisha mpigaji apige kinyume cha mstari. Kwa mrushaji asiye na mstari ni hatari: mpira mmoja wa legi ni mikimbio minne, wa kuuzuia ni wachache.

Ule mpira wa miguuni, wa ova za mwisho, uachwe hadi aweze kuudondosha kwenye krizi ya mpigaji mara 4 kati ya 10 mazoezini. Chini ya hapo, atampa mpigaji mpira usiodunda. Ni heri abaki kwenye kisanduku chake hata ova ya 20, akibadili kasi tu kwa kuushika mpira kwa ndani zaidi huku mkono ukizunguka kwa mwendo uleule.