Mambo ya kuzingatia kabla gari lililotoka gereji halijaanza safari ndefu

Ijumaa moja jioni nilibadilishiwa beringi ya tairi la mbele kushoto hapa Tabora mjini. Kesho yake alfajiri nikampakia mama yangu na watoto wawili, tukashika njia ya Kigoma. Tulipoiacha Urambo nikaanza kusikia mvumo chini ya miguu, kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali. Nikajiambia ni barabara tu, nikaongeza sauti ya redio. Kabla ya Kaliua usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Nikasimama, nikashuka, nikaweka kiganja kwenye rimu ya kulia: joto la kawaida. Ya kushoto sikuweza hata kuigusa. Grisi ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika ndani ya rimu, nyeusi tii, na nati mbili za tairi ziligeuka kwa vidole.

Tulizikaza nati, tukajikongoja mpaka Kaliua. Fundi wa pale alipoitoa ile beringi aliifuta kwa kitambaa, akanionesha vishimo vidogo vilivyopangana kwenye njia ya gololi, na alama za nyundo kwenye ringi ya ndani. Akasema, "Kaka, hii haikufa. Imeuawa."

Beringi ilikuwa mpya, na niliinunua mwenyewe duka ninaloliamini. Kabla ya siku ile, spea ikifa mapema mimi nilikuwa nalaumu feki moja kwa moja. Feki zipo, tena zimejaa. Lakini spea nzuri nayo hufa ndani ya wiki moja ikifungwa vibaya, au ikifungwa kwenye gari ambalo ugonjwa wake wa kwanza haujaguswa. Mambo haya mwenye gari anaweza kuyazuia bila kushika spana, ila inabidi ayawahi.

Anza kabla hujaenda gereji. Usimwambie fundi "badilisha alteneta," yaani ile inayochaji betri. Mwambie gari linafanya nini: taa ya betri inawaka ukikanyaga mafuta au likiwa limesimama, sauti inatoka ukikata kona kulia au kushoto, linachemsha kwenye foleni au kwenye mwendo. Halafu muulize swali moja ambalo wateja wengi hatuliulizi: iliyokufa imekufa kwa nini? Alteneta inaweza kuwa imekufa kwa sababu betri imechoka na inaifanyisha kazi mchana kutwa, au kwa sababu oili inaivujia kutoka juu. Ukifunga mpya bila kuziba uvujaji, umeinunulia kaburi. Brekipedi ikiisha upande mmoja huku ya upande wa pili ikiwa nene, kalipa, ile inayozibana pedi, imekwama, na pedi mpya nayo italiwa vilevile. Kesi inayouma zaidi ni gari lililochemsha. Watu wanalipa gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, hedi inapelekwa kupigwa mashine, gari linarudi barabarani na rejeta ileile iliyoziba au feni ileile isiyozunguka. Baada ya muda mfupi gasketi inaungua tena na fundi anasema spea za siku hizi si kitu. Fundi asipoweza kukueleza chanzo kwa maneno unayoyaelewa, usimruhusu afungue.

Kwenye spea sitakaa sana. Nenda na namba ya chesesi na kile kipande cha zamani, uvilinganishe juu ya meza: upana, idadi ya meno, matundu ya bolti, uzito. Uzito unasema mengi, kwa sababu feki nyingi ni nyepesi. Mtumba wa Japani mimi naununua bila wasiwasi kwa vitu vya chuma kama habu (kitovu kinachoshika tairi) au stata, lakini sinunui mtumba wa mkanda wa taimingi, brekipedi, hozi wala boljointi. Raba inazeeka hata ikiwa imekaa tu stoo. Chukua risiti, na muafikiane na mwenye duka mapema kuhusu kurudisha. Jambo jingine ni nani ananunua. Ukileta spea mwenyewe, ikifa fundi atasema ni spea uliyoleta. Akinunua yeye, utabaki hujui bei wala duka. Mimi siku hizi tunakwenda wote wawili, yeye anachagua, mimi nalipa, na tunaandika kwenye daftari lake tarehe na kilomita za gari. Na kama kitu hakipo Tabora kinaagizwa Dar es Salaam kuja na basi, basi safari isogezwe. Usimlazimishe fundi afunge "kinachokaribiana" kwa sababu umeshawaambia ndugu kwamba unafika kesho.

Hapa kwenye kufunga ndipo ninapotaka tukae.

Gereji zetu nyingi ziko chini ya mwembe, na ardhi ya Tabora ni mchanga. Mchanga huu ukiingia kwenye grisi ya beringi unakuwa msasa. Nimeona kwa macho yangu fundi akiweka habu iliyopakwa grisi juu ya mchanga, akaiinua, akapuliza kwa mdomo, akafunga. Kupuliza hakutoi kitu kilichonata kwenye grisi. Nenda na boksi kubwa safi au kipande cha turubai, ukitandaze kabla kazi haijaanza, na useme kwa heshima, "Fundi, naomba vitu vyote vikae hapa." Hakuna fundi aliyewahi kunikatalia, na wengi wanakushukuru.

Beringi yenyewe ina ringi mbili, ya nje na ya ndani, na gololi katikati. Inapoingizwa kwenye nyumba yake, nguvu inatakiwa ikae kwenye ringi ya nje, ile inayobana. Ukigonga ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo kwenye njia yake. Kwa macho inaonekana nzima, inazunguka vizuri mkononi, ila mvumo umeshazaliwa. Kwa hiyo uliza kama pana mashine ya presi. Kama haipo, lipa nauli ya kupeleka habu penye presi. Gharama ni ndogo kuliko kununua beringi mara mbili.

Nati na bolti zina nguvu maalumu ya kukazwa, na kuna spana inayopima nguvu hiyo, spana ya toki. Nati za tairi za magari madogo mengi zinahitaji kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu hiyo) 100 na 120. Kukaza kwa bomba refu na uzito wa kijana wa gereji kunaweza kuvuta uzi wa stadi, ile bolti inayoshika nati ya tairi, mpaka ukatike njiani. Kukaza kwa haraka kunaacha nati kama zangu zilivyokuwa. Kwa hedi ya injini spana hiyo si jambo la hiari: bolti zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na magari mengine bolti zake hazirudiwi kabisa, zikishatolewa zinanunuliwa mpya. Fundi wa injini asiye na spana ya toki mimi simpi hedi.

Bushi (raba) za mikono ya chini, ile inayoshika tairi chini ya gari, nazo zina siri yake. Bolti zake zinatakiwa kukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake chini. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba inafungwa ikiwa kwenye pembe isiyo yake. Gari likishuka inabaki imejipinda muda wote na inachanika mapema. Ukibadilisha tairodi, chuma kinachounganisha usukani na tairi, peleka wili alaimenti (kunyoosha tairi), la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja kabla hujajua.

Mengine ya kuangalia yanapofungwa ni madogo kwa ukubwa tu. Filta ya oili ikitolewa, hakikisha ringi yake ya raba imetoka nayo. Ikibaki imenata kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake, oili inaweza kumwagika yote ndani ya dakika chache. Silikoni, ile gundi ya kuzibia, ikipakwa nyingi, inayobanwa kuingia ndani inakatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Gia boksi ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, inataka oili yake ya CVT. Ya otomatiki ya kawaida itaiharibu, kwa hiyo soma galoni kabla haijafunguliwa. Na omba kila kipande cha zamani ukabidhiwe mkononi.

Kazi imekwisha, fundi ananawa mikono kwa petroli, anakuita bosi. Usilipe bado. Kama breki ziliguswa, kaa kwenye kiti na ukanyage pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Pistoni zilirudishwa nyuma ili pedi mpya ziingie, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unazama mpaka chini. Watu wamegonga ukuta wa gereji kwa sababu hii. Pedali ikibaki laini kama sponji, kuna upepo ndani ya mabomba, utolewe kwanza. Pima oili kwa stiki. Kama rejeta ilifunguliwa, acha injini iungurume mpaka feni iwake na izime, kisha subiri ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko uone kama maji yameshuka, maana hewa iliyobaki ndani ndiyo inayochemsha gari lililotoka kutengenezwa jana. Ukiambiwa thamostati, inayodhibiti joto la injini, imetupwa kwa sababu huku kwetu ni joto, ikatae kazi hiyo. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na inachakaa haraka. Kisha zungukeni pamoja barabarani, fundi akiwa pembeni yako, redio imezimwa, vioo viko chini.

Sasa safari. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400, na baada ya Kaliua kuna vipande virefu vya pori na mbuga za Malagarasi ambako hutaki kusimama na watoto, hasa miezi ya mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Sheria niliyojiwekea ni kwamba gari lililofunguliwa tairi, breki, injini au gia boksi haliondoki mjini mpaka limetembea siku 2 au 3 na angalau kilomita 100 hapahapa, kazini, sokoni, Ipuli na kurudi. Tatizo la ufungaji mara nyingi hujionesha mapema, na likijionesha hapahapa mtaa wa Ng'ambo unapiga simu tu fundi anakuja.

Katika siku hizo tandika boksi chini ya injini kila usiku. Asubuhi litazame: doa la kahawia au jeusi ni oili, jekundu mara nyingi ni ya gia boksi au usukani, la kijani au la waridi ni kolanti (maji ya rejeta), na la maji matupu ukiwa ulitumia AC lisikutishe. Linganisha joto la rimu zote nne ukitoka kwenye mzunguko, kwa kusogeza kiganja karibu kwanza kabla ya kugusa. Moja ikiwa na joto kupita wenzake, breki imekamata au beringi inalia. Na kati ya kilomita 50 na 100 nati za tairi zikazwe upya, hata kama fundi alikuapia. Pedi mpya zipe kilomita 300 hivi za kukanyagwa taratibu, bila breki za ghafla. Hili ni muhimu kwa anayekwenda Kigoma, maana pale kuna mteremko wa kutoka Mwanga kushuka kuelekea ziwani, na pedi ambazo hazijakaa sawa si za kujaribiwa mahali hapo.

Kwenye buti beba spana ya nati, jeki, maji lita 10, oili lita 1, na kile kipande cha zamani kama bado kina uhai. Beliti kuukuu iliyochoka inaweza kukufikisha Uvinza.

Na kipande kipya kikiharibika hata baada ya yote hayo, piga picha kabla hakijafunguliwa, na kinapofunguliwa, andika kilomita, na usikitupe kilichokufa. Mimi niliporudi kutoka Kigoma nilimpelekea fundi wangu wa Ijumaa ile beringi ndani ya mfuko wa rambo. Aliizungusha sikioni, akapitisha kucha kwenye vile vishimo, akakaa kimya. Kisha akaingia ndani akanirudishia hela ya ufundi. Ningekwenda mikono mitupu, tungeishia kubishana.