Kupuliza dawa bila kumaliza nyuki na wadudu marafiki: mwongozo kwa wakulima wa Nakuru

Nyanya na maharagwe yakianza kuchanua huku Bahati na Subukia, swali huwa lile lile: dawa gani haiui nyuki? Jibu huudhi wengi, kwa sababu dawa nyingi za wadudu humuua nyuki zikimpata zingali mbichi. La muhimu ni sumu hiyo hukaa kwa muda gani, na kama inaingia ndani ya ua. Hatua zifuatazo zinahusu mambo hayo mawili.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kwenda agroveti

Geuza majani, hasa ya chini. Ukiona vidukari waliovimba, wakakauka na kugeuka rangi ya kahawia, wengine wakiwa na tundu mgongoni, ujue nyigu wadogo wamekutangulia kazini. Tafuta pia mdudu mweusi mrefu, mwenye miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa. Huyo ni mtoto wa yule mende mwekundu mwenye madoa meusi, na mlo wake ni vidukari. Wakulima wengi humponda wakidhani ndiye adui. Ukiwakuta hawa kwa wingi, acha bomba stoo na ukague tena baada ya siku chache.

Hatua ya 2: Soma kiambato, usisome rangi

Utepe wa rangi ulio chini ya kibandiko, kuanzia mwekundu hadi kijani, unaeleza hatari kwa binadamu. Haumzungumzii nyuki hata kidogo. Dawa ya utepe wa buluu inaweza kukudhuru kidogo wewe na bado ikaangamiza mzinga mzima. Kwanza hakikisha chupa ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za kilimo, kisha tafuta jina la kiambato. Kwenye chupa limeandikwa kwa Kiingereza, lakini ukilisoma kwa sauti utalitambua.

Imidaklopridi, thiamethoksamu na klothianidini ndizo ninazoziogopa zaidi. Mmea huzinyonya na kuzisambaza hadi kwenye nekta na chavua. Kwa hiyo hata ukipuliza usiku wa manane, nyuki atakunywa sumu asubuhi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya hizi tatu nje ya vivungulio (greenhouse) mwaka 2018. Asetamipridi ni ya ukoo huo huo, lakini kumuua nyuki kwa dawa hiyo huhitaji kiasi kikubwa zaidi mara mamia. Usihukumu dawa kwa ukoo wake pekee.

Lambda-sihalothrini na klopirifosi hubaki na makali juu ya jani kwa zaidi ya siku nzima. Spinosadi ni kali ikiwa mbichi, ila ikishakauka makali yake kwa nyuki hushuka sana. Kwa viwavi, Bt (dawa itokanayo na bakteria Bacillus thuringiensis) ndiyo chaguo langu la kwanza: hulenga kiwavi anayeila na haimgusi nyuki.

Na pareto yetu ya Molo? Ni ya asili, ndiyo, lakini ikimpata nyuki inamuua. Uzuri wake ni kwamba jua huivunja haraka. "Asili" si cheti cha usalama.

Hatua ya 3: Utitiri una hesabu yake

Utitiri mwekundu si mdudu, ni wa ukoo wa buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimwezi. Mbaya zaidi, ukipuliza dawa za jamii ya lambda-sihalothrini unaua utitiri mwindaji aliyekuwa akimla, kisha unashangaa shamba likigeuka njano. Mashamba ya waridi ya Naivasha hununua na kuachilia mwindaji huyo, Phytoseiulus persimilis, ndani ya vivungulio. Wewe unaweza kuwa na utitiri wawindaji shambani bure, mradi usiwaue.

Kati ya dawa za utitiri, abamektini humuua nyuki ikimgusa, ingawa sehemu kubwa huzama ndani ya jani na mabaki ya juu hupungua upesi. Bifenazeti na spiromesifeni haziwadhuru sana nyuki waliokomaa. Salfa haimsumbui sana nyuki, lakini humdhuru utitiri mwindaji. Hakuna inayowaacha wote salama, kwa hiyo chagua ukijua unamtoa nani.

Hatua ya 4: Usichanganye kila kitu kwenye bomba moja

Baadhi ya dawa za ukungu, mfano propikonazoli, huzuia mwili wa nyuki kuvunja sumu. Ukiichanganya na dawa ya wadudu, kiasi ambacho nyuki angekihimili kinaweza kumuua. Puliza kila moja siku yake.

Hatua ya 5: Saa, upepo na magugu

Siku moja kabla, fyeka kishona nguo na magugu mengine yenye maua ndani ya shamba na kando yake. Mwarifu jirani mwenye mizinga, kwani nyuki huenda kilomita 3 au zaidi kutafuta chakula. Puliza jioni nyuki wakisharudi, upepo ukiwa umetulia. Sehemu za baridi kama Molo na Mau Narok, umande huchelewesha dawa kukauka, kwa hiyo anza mapema kidogo kuliko watu wa Rongai, lakini si kabla nyuki hawajaondoka mauani. Dawa ya unga ndiyo mbaya kuliko zote: hunasa kwenye manyoya ya nyuki, akaibeba mzingani pamoja na chavua.

Usioshee bomba mtoni. Nyuki pia hunywa huko.

Hatua ya 6: Ndani ya mzinga

Utitiri wa varroa uligunduliwa nchini mwaka 2009, na nyuki wetu wengi wanaishi nao bila dawa. Kwa hiyo usimimine dawa ya kupe ya ng'ombe mzingani. Dawa nyingine za utitiri hung'ang'ania kwenye nta na kudhuru malkia na madume. Siafu nao wazuie kwa grisi kwenye nyaya au miguu ya mzinga. Kunyunyiza unga wa dawa hapo ni kuwaua wenye nyumba.

Hatua ya 7: Asubuhi yake

Pita mizingani. Rundo la nyuki mlangoni, wengine wakitetemeka au kuzunguka chini, ulimi nje, ni dalili ya sumu. Weka maji safi karibu, toa masega yenye chavua mpya, na kundi likidhoofika lipe maji ya sukari. Asali ya mzinga huo usiivune msimu huo. Weka nyuki kadhaa waliokufa kwenye mfuko safi ndani ya friza, andika tarehe na dawa zilizopulizwa jirani, kisha mpigie afisa wa kilimo wa wadi. Bila sampuli, malalamiko yako hayatakuwa na cha kupimwa.