Kubadilisha springi na sili za vali kwenye Land Rover 300Tdi bila kushusha silinda hedi

Wiki iliyopita kijana wa gereji jirani alikuja kuazima toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. "Shikamoo fundi, nataka kushusha hedi ya Defender." Nikamuuliza hedi ina nini. Akasema springi ya vali imevunjika, silinda ya 3. Nikamwambia hedi aiache ilipo, nikachukua zana zangu tukaenda wote. Kazi iliisha kabla ya magharibi, na tulibadilisha springi zote nane na sili zake, zile raba za kuzuia oili kwenye vali.

Hedi ya 300Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover, ni ya aluminiamu. Boliti zake hukazwa kwa toki, kisha kwa nyuzi za pembe, hatua kwa hatua. Gasketi yake huja kwa unene wa aina tatu, nawe lazima uchague kulingana na pistoni zako. Hiyo yote kwa springi moja! Lakini kama vali imepinda au imeungua, usijidanganye, hedi ishuke.

Kinachotuwezesha ni dizeli yenyewe. Pistoni ikiwa topu, yaani juu kabisa, iko karibu sana na vali. Ukiitoa springi, vali inashuka kidogo tu na kukaa juu ya pistoni. Kwenye injini ya petroli nafasi ni kubwa, ndiyo maana wenzetu hujaza kamba ya nailoni kupitia tundu la plagi au huingiza upepo wa kompresa. Hapa huhitaji kimoja wala kingine.

Hatua ya 1: Tafuta topu na uweke alama

Toa hita plagi zote nne ili injini izunguke kwa mkono bila kupambana na kompresheni. Fungua kava ya tapeti. Zungusha injini kwa boliti ya pulee ya krenki (shafti kuu ya injini), mwendo wa saa ukiitazama kutoka mbele. Angalia vali za silinda ya 4: moja inapomalizia kufunga huku nyingine ikianza kufunguka, silinda ya 1 iko topu. Thibitisha kwa pini ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Sasa paka alama ya rangi kwenye pulee ikitazamana na kitu kisichosogea, kisha nyingine upande wa pili, nusu duara kamili. Alama ya kwanza ni ya silinda 1 na 4, ya pili ni ya 2 na 3. Fanya hivi kabla ya kutoa roka (mikono inayosukuma vali), kwa sababu baadaye hutaziona vali zikipishana.

Hatua ya 2: Toa roka na pushirodi

Legeza boliti za roka shafti kwa zamu. Pushirodi, fimbo inayosukuma roka kutoka chini, izungushe kidogo kwa vidole kabla ya kuivuta ili iachane na tapeti. Zipange kwenye boksi lenye matundu nane yaliyoandikwa namba, kila moja irudi kwake.

Juu ya kila vali kuna kifuniko kidogo cha chuma. Oili hukigandisha kwenye roka, unainua shafti, kinadondoka. Vihesabu. Viwe vinane mezani ndipo uendelee.

Hatua ya 3: Ziba matundu

Hapa ndipo nilipoteza jioni nzima miaka ya nyuma, kwa hiyo nivumilie.

Springi na vali hushikwa pamoja na loki, vile vipande viwili vidogo kama nusu za pete, vilivyokaa ndani ya kisahani cha juu cha springi. Ukikandamiza springi zinaachia, na wakati mwingine zinaruka. Mita moja kutoka hapo ni sawa, utaiona sakafuni. Lakini pembeni ya kila vali kuna tundu la pushirodi, na yapo matundu ya kurudisha oili. Loki yangu iliingia humo. Nilisikia mlio mmoja tu, "ting", halafu kimya. Sumaku haikuifikia. Tulimwaga oili, tukashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), tukaipata saa tano usiku ndani ya matope meusi ya chini. Na usiwashe injini ukitumaini imetua mahali salama. Itafute mpaka uishike mkononi.

Basi ziba kila tundu kwa kitambaa safi. Tumia kitambaa cha pamba cha rangi inayoonekana. Pamba ya kufutia mikono inaacha nyuzi, usiitumie kabisa. Kila kipande kiwe na mkia unaoning'inia nje. Vihesabu na uandike idadi kwa chaki kwenye bampa. Sisi tulikuwa na kumi na mbili. Kazi ikiisha, toa kumi na mbili.

Hatua ya 4: Toa springi

Ingiza gia ya kwanza, vuta hendibreki, uhakikishe alama ya topu haijasogea. Gonga kisahani kidogo kwa soketi na nyundo ya plastiki ili loki zilegee.

Kuna mafundi wanaotoa loki kwa kupiga soketi yenye sumaku kwa nyundo. Kwenye dizeli hii siikubali. Vali imekaa juu ya pistoni, na pigo zito linafika huko huko. Tumia wenzo. Wangu ni bapa la chuma lenye kipande cha bomba kilichokatwa dirisha upande mmoja, na unashikiliwa na boliti ya roka. Kandamiza taratibu, mwenzako atoe loki kupitia dirishani kwa sumaku ya antena.

Toa sili ya zamani, kisha itikise vali pembeni kwa vidole. Ikicheza sana ndani ya gaidi yake (bomba dogo linaloiongoza), sili mpya haitazuia oili. Paka oili, vaa sili mpya, weka springi na kisahani, rudisha loki ukizigandisha kwa grisi. Gonga tena kidogo uone kama zimekaa.

Usizungushe krenki hata kidogo wakati kuna vali isiyo na springi. Maliza vali zote nne za jozi moja ya silinda, ndipo uende alama ya pili.

Hatua ya 5: Rudisha

Toa vitambaa, hesabu. Rudisha vifuniko vya vali. Legeza skrubu zote za tapeti, shusha pushirodi, na uhakikishe kila moja imekaa ndani ya kikombe chake chini. Ikikaa pembeni, roka itaipinda ukikaza. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo.

Nafasi kati ya roka na kifuniko cha vali ni milimita 0.20 kwa vali zote, injini ikiwa baridi. Kanuni ni jumla ya tisa: vali ya 8 ikifunguka kabisa rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka rekebisha ya 3, na kuendelea hivyo.

Tulipowasha ilitoa moshi wa buluu dakika chache kwa sababu ya oili tuliyopaka, kisha ukakatika. Baada ya siku chache za kazi fungua kava tena asubuhi injini ikiwa baridi, upitishe fila geji (vibati vya kupimia nafasi) kwenye vali zote nane.