Wakati wa Kutupa Karata Nzuri katika Poka ya Fedha Taslimu

Katika poka hii kila mchezaji hushika karata mbili za siri, kisha karata za kutumiwa na wote hufunuliwa mezani; kutupa karata ni kujitoa katika mchezo huo. Kabla ya karata za mezani kufunuliwa, wafalme wawili hutupwa kwa nadra sana: wakikutana na ree mbili (karata za A, kubwa kuliko zote) hushinda takriban mara 18 tu katika 100, lakini wakikutana na ree na mfalme hushinda karibu mara 70. Ugumu halisi huanza karata tatu za kwanza zinapofunuliwa. Mwenye ghulamu wawili ataona mezani angalau karata moja inayozizidi zake katika takriban asilimia 57 ya michezo, naye sharti awe tayari kuziachia.

Jioni moja ya Agosti, hapa Dodoma, nilishika ree mbili, nyeusi zote, mezani zikiwa saba, nane na tisa za kopa, ambazo zingeweza kumpa mpinzani kopa tano au karata tano za mfululizo, zote zikishinda ree mbili. Mzee aliyeketi mkabala nami, ambaye haongezi dau ovyo, alisogeza sahani ya zabibu kando kwa utulivu, kisha akaongeza dau mara tatu. Nilizitupa, na hadi leo naamini nilifanya sawa.

Piga hesabu kila mara. Ikiwa fungu, yaani fedha zinazogombewa mezani, lina shilingi 10,000 na mpinzani ameweka 5,000, unalipa 5,000 kugombea jumla ya 20,000. Nafasi yako ya kushinda ikiwa chini ya asilimia 25, na huoni namna ya kuvuna zaidi baadaye, tupa karata, hata kama zilikuwa nzuri mno zilipogawiwa. Fedha uliyokwisha kuiweka si yako tena, kwa hiyo usiihesabu.