Namna ya Kujitolea Kuwa Jaji katika Maonyesho ya Sayansi ya Shule za Sekondari

Waandaaji wa maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari mara nyingi hupungukiwa na majaji, ilhali watu wengi ambao wangeifanya kazi hiyo vizuri hawajitokezi kwa kudhani kwamba inawahusu maprofesa peke yao. Muuguzi, mhandisi, afisa ugani, mtaalamu wa takwimu, au fundi aliyezoea kutafuta chanzo cha hitilafu anaweza kuwa jaji mzuri, ilimradi ajue kutofautisha kilichopimwa na kilichokisiwa. Masharti hukazwa kadiri mashindano yanavyopanda ngazi. Maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi yajulikanayo kwa kifupi kama ISEF, ambayo yalianza mwaka 1950 mjini Philadelphia, Marekani, humtaka jaji wa tuzo kuu awe na shahada ya uzamivu au inayolingana nayo, au uzoefu wa kikazi usiopungua miaka 6 katika fani husika. Maonyesho ya shule au ya wilaya hayadai kiasi hicho.

Unapojiandikisha, taja fani unazozimudu kwa dhati na zile usizozimudu, kisha eleza mapema iwapo yumo mshiriki ambaye ni ndugu yako, mwanafunzi wako, au kijana uliyemsaidia katika mradi wake, ili usipangiwe meza yake. Omba fomu ya alama kabla ya siku yenyewe na uisome kwa makini, kwa maana ndiyo itakayokuzuia kutoa alama kwa mapenzi. Katika fomu ya ISEF ya miradi ya sayansi, kwa mfano, alama 100 hugawanywa hivi: swali la utafiti 10, mpango na mbinu 15, utekelezaji 20, ubunifu 20 na uwasilishaji 35. Katika hizo 35, bango hupata 10 tu na mahojiano 25. Mgawanyo huo unafaa kukumbukwa hata pale ambapo fomu ni nyingine, kwa sababu jaji mgeni huvutwa kwa urahisi na bango lenye rangi za kupendeza au kifaa kinachowakawaka taa.

Ukipewa nafasi ya kupita mezani kabla wanafunzi hawajafika, itumie kusoma mabango na kuandika swali moja au mawili kwa kila mradi. Angalia pia kama mradi uliohusisha watu, wanyama au vijidudu una kibali kilichotolewa kabla majaribio hayajaanza. Usipokiona, usimhukumu mwanafunzi papo hapo, bali wapelekee waandaaji jambo hilo.

Mahojiano ndiyo moyo wa kazi hii. Jitambulishe, kisha anza na swali jepesi, kama vile jinsi wazo la mradi lilivyomjia, ili hofu impungue. Mwache aeleze mwenyewe bila kukatizwa, kwani maelezo yaliyokaririwa huisha baada ya dakika chache, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepima kama maji ya mboji huharakisha ukuaji wa maharage. Bango lake linaonyesha kwamba mimea iliyopewa maji ya mboji ilifikia wastani wa sentimita 14.2, na ile ya kundi la ulinganisho, iliyopewa maji matupu, sentimita 13.1, kisha linahitimisha kwa herufi kubwa kwamba mboji imeongeza ukuaji kwa asilimia 8. Muulize kila kundi lilikuwa na mimea mingapi, na umwombe akuonyeshe daftari lake. Ukikuta mimea mitano tu kwa kila kundi, la kwanza likiwa na mimea ya urefu wa kati ya sentimita 11 na 18 na la pili kati ya 10.5 na 16, muulize angesema nini kama mmea ule mmoja wa sentimita 18 ungekufa mapema. Anayetulia, akakokotoa upya na kukiri kwamba tofauti ile karibu yote ingetoweka, anaijua sayansi kuliko anayeng'ang'ania asilimia zake, na kwa maoni yangu anastahili alama nyingi zaidi hata kama bango lake limekosea. Kwa mantiki hiyohiyo, nadharia tete, yaani jibu alilolikisia mwanafunzi kabla ya kupima, ikikanushwa na matokeo haiushushi mradi thamani. Kinachoushusha ni data iliyopindwa ili ikubaliane nayo.

Muulize pia ni sehemu gani aliifanya mwenyewe na nani alimsaidia, kwa sauti ya kawaida isiyo na tuhuma. Kusaidiwa na mzazi au kutumia maabara ya chuo si kosa, lakini mwanafunzi anapaswa kuweza kueleza kifaa alichokitumia hupima nini na kwa nini alikichagua. Katika mradi wa kikundi, mwelekezee swali yule aliyenyamaza muda wote. Na tafadhali usigeuze mahojiano kuwa mhadhara: jaji anayetumia nusu ya muda kuonyesha elimu yake anampunja kijana nafasi ya kuonyesha ya kwake. Kigugumizi, haya, au kutafuta maneno katika lugha asiyoizoea visichukuliwe kuwa kutojua. Rudia swali kwa maneno mepesi na umpe muda wa kufikiri.

Wape wote muda sawa, na uandike maelezo yako mara tu unapoondoka kwenye meza, maana ukishapita miradi kadhaa huanza kuchanganyika kichwani. Alama za mradi wa kwanza ziandike kwa penseli, kwa sababu hujajua bado kiwango cha mingine. Majaji watakapokutana kulinganisha alama, tetea uamuzi wako kwa ulichokiona na kukisikia, na uwe tayari kuubadilisha mwenzako akigundua ulichokikosa.

Kama fomu ina nafasi ya maoni kwa mwanafunzi, "kazi nzuri" haimsaidii kitu. Andika jambo moja mahususi alilolifanya vizuri na hatua moja anayoweza kuichukua, kwa mfano: "Daftari lako lina tarehe na vipimo vya kila siku. Rudia jaribio kwa mimea 20 kwa kila kundi, na kwenye grafu uonyeshe kila kipimo badala ya wastani peke yake." Alama zenyewe mkabidhi msimamizi, na usimdokezee mwanafunzi, mzazi wala mwalimu nani anaongoza kabla matokeo hayajatangazwa.