Gia kubwa ya chuma cha pua: soma ufa kabla ya kuuchomelea

Gia ya kusubu (iliyotengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa katika kalibu ya mchanga) yenye mikono inayounganisha kitovu na ukingo hupasuka kirahisi kwa sababu ya umbo lake. Mikono myembamba huganda mapema, kitovu kizito huchelewa. Chuma cha pua hunywea takriban milimita 20 kwa kila mita, kwa hiyo gia ya kipenyo cha mita 3 itapungua karibu milimita 60. Mchanga ukiizuia, au sehemu moja ikiivuta nyingine, inapasuka. Maelezo haya hayahusu chuma kisichoshika kutu, bali chuma chenye kaboni ya asilimia 0.4 hivi, pamoja na kromu na molibdeni kidogo.

Hatua ya 1: Tazama ufa, grainda isubiri

Ufa uliopinda-pinda wenye uso mweusi, ulioungua, ni ufa wa moto. Ulitokea kipande kikiwa karibu kimeganda chote, huku utando wa uji (chuma kilichoyeyuka) ukiwa bado katikati ya chembe za chuma. Ufa mwembamba ulionyooka, wenye uso unaong'aa au wenye rangi ya manjano au bluu, ni ufa wa baridi. Ulitokea chini ya nyuzi 300 za Selsiasi au karibu na hapo. Ukisaga kwanza, unafuta ushahidi huo, na utatibu ugonjwa usio wenyewe.

Hatua ya 2: Ufa wa moto, rekebisha kalibu na uji

Kagua mahali mkono unapokutana na kitovu. Kona kali hukusanya mvuto wote, lakini kona ya mviringo mkubwa mno nayo huongeza unene na kuchelewesha kuganda. Anzia mviringo wenye nusu kipenyo cha theluthi ya unene wa mkono. Weka hapo vipande vya chuma vya kupoozea, vikavu na visivyo na kutu, kwani kutu na unyevu huleta gesi.

Mikono 5 iliyopinda ni salama kuliko 6 iliyonyooka. Mikono miwili iliyonyooka ikitazamana huvutana moja kwa moja. Uliopinda hujikunja kidogo na kupunguza mvuto.

Mchanga ulioshikanishwa kwa silikati ya sodiamu hubaki mgumu hata ukiwa na moto, na hapa ndipo wengi hukosea. Acha uwazi ndani ya viini (vipande vya mchanga vinavyounda nafasi za ndani ya gia), ujaze makaa ya koki au mchanga mkavu usioshindiliwa. Hakikisha pia hakuna nondo ya sanduku la kalibu kati ya raiza mbili (hifadhi za uji zinazolisha kipande kinaponywea): kipande kikinywea, raiza hukwama kwenye nondo.

Salfa na fosforasi kila moja iwe chini ya asilimia 0.020, maana ndizo zinazorefusha maisha ya ule utando wa uji. Mimina kwa nyuzi 40 hadi 60 tu juu ya joto la kuanza kuganda.

Hatua ya 3: Ufa wa baridi, usiharakishe

Funga kipimajoto kwenye kitovu. Usivunje kalibu mpaka kishuke chini ya nyuzi 250, hata ikichukua siku kadhaa. Ukingo ukiwa umepoa haimaanishi kitovu kimepoa.

Kabla ya kukata raiza kwa gesi, pasha eneo lote hadi nyuzi 250, bakiza kisiki cha milimita 20, kisha ingiza kipande kwenye tanuri kabla hakijapoa. Pandisha joto kwa nyuzi zisizozidi 50 kwa saa.

Haidrojeni nayo hupasua. Kausha kalibu, chokaa na ndoo ya kumiminia, na usiyeyushe vyuma chakavu vilivyolowa.

Hatua ya 4: Ukilazimika kuchomelea

Chimba ufa wote, kisha thibitisha kwa unga wa sumaku kwamba hakuna uliobaki. Pasha hadi nyuzi 250–300 na udumishe joto hilo wakati wote wa kuchomelea. Tumia vijiti vya haidrojeni kidogo vilivyokaushwa kwa nyuzi 350. Bila kuacha kipoe, kiingize tanurini kwa nyuzi 600–650, saa moja kwa kila milimita 25 za unene, na kipoe humo humo hadi 300. Kikague tena kwa unga wa sumaku baada ya saa 48, kwa kuwa ufa wa haidrojeni huweza kuchelewa kujitokeza.