Skrini ya Nyuma ya Kamera Inapodanganya Rangi

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya kupiga picha za harusi, kuna jioni moja ambapo kila nilipotazama skrini ya nyuma ya kamera niliona gauni la bibi harusi limekuwa na rangi ya samli. Nikaiamini skrini. Nikapunguza kiwango cha Kelvin (K), kipimo cha rangi ya mwanga, katika mizani ya weupe, mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi, hatua kwa hatua, mpaka gauni likaonekana jeupe, kisha nikaendelea na kazi. Usiku ule nilipozifungua picha kwenye kompyuta, gauni lilikuwa kama nguo iliyozidishiwa buluu ya kufulia, na nyuso za wageni zimepauka kama za watu walioamka na homa. Kosa halikuwa la taa za ukumbini. Skrini ndiyo iliyoegemea manjano, nami nikaziharibu picha nzuri ili kuiridhisha. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimehifadhi faili ghafi (RAW), yaani data ya kamera kabla haijapikwa kuwa picha, ambazo mizani yake ya weupe hubadilishwa baadaye bila hasara. Aliyepiga kwa JPEG pekee, yaani picha iliyokwisha kupikwa na kamera, hana nafasi pana kiasi hicho.

Kabla ya kurekebisha chochote, inafaa kujua unachokitazama. Skrini haionyeshi faili ghafi, hata pale unapopiga kwa faili ghafi. Kamera hupika JPEG ndogo kwa kufuata mizani ya weupe, mtindo wa picha na ukolevu wa rangi uliouchagua, ikaifungasha ndani ya faili, na hiyo ndiyo unayoiona. Ukitaka kuthibitisha, weka mtindo wa nyeusi na nyeupe, piga faili ghafi moja, kisha uifungue kwenye programu ya kuhariri isiyotoka kwa mtengenezaji wa kamera: mara nyingi rangi zote zitakuwa zimerudi. Basi kama lalamiko lako ni kwamba rangi ni kali kwenye kamera lakini zimepoa kwenye kompyuta, huenda skrini haina hatia, na ni mtindo wa picha tu ambao programu imeuacha kando. Lakini kama kila kitu kinaelemea upande mmoja, iwe manjano, kijani au zambarau, picha zote na mahali popote, hapo skrini ni mshukiwa wa kweli.

Anza na mambo mepesi. Zima mwangaza unaojirekebisha wenyewe na uweke skrini kwenye kiwango cha katikati. Bandua plastiki ya kinga ikiwa imezeeka, kwa maana nyingine hugeuka manjano polepole mpaka mwenyewe asitambue. Vua miwani ya jua, hasa ile ya polaroidi, na utazame skrini moja kwa moja, si kwa pembeni.

Kipimo chenyewe kinahitaji kadi ya kijivu, ile ya wapiga picha, isiyo na mwelekeo wa rangi yoyote. Karatasi nyeupe ya ofisini haifai, kwa sababu nyingi hutiwa kemikali inayogeuza mionzi ya urujuanimno kuwa mwanga wa buluu ili karatasi ionekane nyeupe zaidi. Toka nje siku yenye mawingu mepesi, ukae mbali na ukuta uliopakwa rangi na mbali na majani mabichi, maana vyote hivyo hurusha rangi yao juu ya kadi. Chagua mtindo wa picha wa kawaida. Jaza fremu yote kwa kadi, piga, kisha uitumie picha hiyo kuweka mizani ya weupe maalumu, huduma ambayo kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha zinayo. Baada ya hapo piga kadi mara ya pili.

Sasa usiitazame picha; tazama histogramu yake, mchoro unaoonyesha wingi wa nuru kuanzia giza kushoto hadi mwanga kulia, ile yenye mikondo mitatu ya nyekundu, kijani na buluu. Histogramu ni hesabu ya namba zilizomo kwenye JPEG, na skrini iliyoharibika rangi haiwezi kusogeza kilele kutoka mahali pake. Vilele vitatu vikisimama mahali pamoja, karibu na katikati, maana yake ni kwamba kadi imeandikwa kwenye faili kama kijivu halisi. Rudi sasa kwenye picha. Ukiiona kadi ina umanjano au ukijani ilhali vilele vimelingana, skrini imeshuhudiwa na kamera yake yenyewe kwamba inasema uongo. Vilele vikiwa vimeachana, tatizo liko kwenye mizani ya weupe, na huna sababu ya kuigusa skrini. Anayetaka ushahidi wa pili aifungue JPEG hiyo kwenye kompyuta na asome namba kwa kidokozi cha rangi, zana ya kusomea rangi ya nukta moja ya picha: thamani tatu zinazokaribiana, kwa mfano 128, 127 na 128, ni kijivu, jicho liseme litakalosema.

Ikithibitika kwamba skrini ndiyo yenye kasoro, tafuta marekebisho yake katika menyu ya mipangilio. Baadhi ya kamera za Nikon hukupa mraba wa kusogeza rangi kati ya buluu na kaharabu, na kati ya kijani na majenta, huku picha ya mwisho ikikaa hapo kama kielelezo. Baadhi ya Canon hukupa kuchagua tu kati ya skrini yenye joto, ya kawaida au ya baridi. Marekebisho haya hayaingii kwenye picha, yanabadilisha skrini peke yake. Shika kadi kando ya skrini, katika mwanga uleule wa mawingu ambao hauko mbali na 6500 K, na usogeze hatua moja moja mpaka kadi ya mkononi na kadi ya kwenye skrini zifanane. Usifanye kazi hii sebuleni usiku. Chini ya balbu ya manjano ya 2700 K macho huzoea umanjano, na skrini iliyo sahihi huonekana ya buluu. Utairekebisha kwa juhudi, na kesho juani utakuta umeiharibu. Kamera isiyo na mpangilio wowote wa aina hii iachwe ilivyo, mwenyewe akumbuke tu kwamba inaelemea upande fulani.

Kompyuta nayo si hakimu mwaminifu mpaka ipimwe kwa kifaa cha kupimia rangi, na shabaha ya kawaida ni nyeupe ya 6500 K, gama 2.2 (namna ngazi za mwanga zinavyopangwa kati ya nyeusi na nyeupe) na mwangaza wa kandela 120 hivi kwa mita ya mraba. Simu ndiyo mbaya kabisa kwa kulinganishia: nyingine hukoleza rangi ili zivutie, nyingine hujigeuza za manjano usiku ukiingia. Angalia pia kama kamera haikuwekwa kwenye Adobe RGB, wigo mpana wa rangi, kwa sababu programu isiyosoma wasifu wa rangi huzionyesha picha hizo zimefifia. Kwa picha za kutumwa WhatsApp, sRGB, wigo wa kawaida, inatosha.

Kuna hila moja ya taa ambayo skrini husingiziwa. Umeme wetu, Tanzania na Kenya, ni wa hezi 50, na taa nyingi za mirija na baadhi ya LED hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga mfululizo kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, fremu moja hutoka ya manjano, inayofuata ya kawaida. Shusha kasi hadi 1/100 au 1/50, na rangi itatulia.

Siku hizi, nikifika ukumbini kabla ya wageni, napiga kadi chini ya taa za jukwaa, naweka mizani ya weupe na kuhakikisha vilele vitatu vimekutana. Akitokea mama aliyevaa kanga nyekundu iliyokolea natazama tena mkondo mwekundu, kwani huo hugonga ukuta wa kulia wa histogramu mapema na maua ya kanga yakapotea. Skrini naiachia kazi ya kunionyesha kama picha ni kali, nani kafumba macho, na kama sijamkata shangazi kichwa.